Sauti Iliyotutania: Je, Michezo ya Maswali ya Kuchekesha Itarudi?

Mwaka 1995 kampuni za kompyuta za Marekani zilikuwa mbioni kujaza video kwenye sidii. Nafasi ilikuwa kubwa kuliko ya disketi, na kila mtengenezaji alitaka kuonyesha picha zinazotembea, hata kama zilikuwa ndogo na zinakwamakwama. Katikati ya shamrashamra hizo ikatoka gemu ambayo kioo chake kilikuwa cheusi kwa sehemu kubwa, chenye maandishi yanayoruka na namba zinazozunguka. Haikuwa na magari yanayokimbizana wala wanajeshi wenye bunduki. Ilikuwa na sauti. Kabla mchezo haujaanza ulisikia mafundi wa studio wakiitana na mtangazaji akijiandaa, kisha sauti ikakugeukia wewe uliyekaa mbele ya kompyuta na kukuuliza jina lako. Ukizubaa, ilikuharakisha. Ukikosa swali jepesi, ilikusema.

Gemu hiyo ni You Don't Know Jack, jina la kejeli linalomwambia mchezaji kwamba hajui lolote. Iliundwa na Jellyvision ya Chicago pamoja na Berkeley Systems ya California, watu waliokwisha kujulikana kwa zile tosta zenye mabawa zilizopita kwenye kioo cha kompyuta pale ulipoiacha bila kuigusa. Aliyekuwa nyuma ya Jellyvision, Harry Gottlieb, alitokea kwenye elimu. Kampuni yake ya awali, Learn Television, ilitengeneza filamu za kufundishia, na kabla ya Jack alikuwa amefanya That's a Fact, Jack!, mchezo wa maswali wa kuwavutia vijana wasome vitabu. Asili hiyo haipaswi kusahaulika. Mchezo uliokuja kuwavunja mbavu watu wazima ulizaliwa na mtu aliyekuwa akihangaika na swali la mwalimu yeyote: nifanye nini ili anayenisikiliza asilale?

Watu watatu waliweza kucheza kwa kibodi moja. Wa kwanza alikuwa na herufi Q, wa pili B, wa tatu P, mabega yakigusana, na aliyewahi kubonyeza ndiye aliyejibu. Jibu sahihi liliongeza fedha za mchezoni, kosa likazikata, na haikuwa ajabu mtu kumaliza akiwa na deni. Kila mchezaji alikuwa pia na nafasi ya kumsukumia jirani yake swali. Ukimwona mwenzako anakodoa macho tu, unamlazimisha ajibu huku sekunde zikihesabiwa. Akikosa, anaumia yeye; akipata, fedha ni zake na unayeumia ni wewe. Mwishoni ilikuja duru iliyoitwa Jack Attack, ambapo maneno yalipita kwa kasi na ulitakiwa kubonyeza pale tu mawili yanapooana. Aliyekuwa akiongoza muda wote aliweza kupoteza kila kitu hapo.

Mtangazaji wa kwanza aliitwa Nate Shapiro. Wakaja wengine, na aliyependwa kuliko wote akawa Cookie Masterson, mhusika aliyepewa sauti na Tom Gottlieb. Hawakuwa watu halisi, lakini mchezaji aliwajua kama tunavyowajua watangazaji wa redio tunayoamka nayo: kicheko chao, uchovu wao, mambo wanayoyachukia. Ulipomaliza kucheza, zilifuata sauti za matangazo ya biashara ya bidhaa zisizokuwepo duniani, na watu walikaa wakayasikiliza mpaka mwisho. Siwezi kutaja gemu nyingine ya zama zile ambayo mchezaji alibaki kitini kusikiliza matangazo kwa hiari yake.

Kazi iliyojificha nyuma ya mzaha

Anayesikiliza mara ya kwanza hudhani mtangazaji anajua kinachoendelea chumbani. Hajui. Kompyuta ya mwaka 1995 haikuwa na uwezo wa kuelewa lolote. Kilichokuwepo ni mwandishi aliyekaa na swali moja, akajiuliza mtu atakosea vipi, kisha akaandika neno la kumwambia kila atakayekosea. Swali lenye majibu manne lilihitaji maneno ya kila jibu, maneno ya aliyenyamaza, na maneno ya aliyesukumiwa akashindwa. Baada ya hapo msanii aliingia studio na kuyasema yote kana kwamba yanamtoka palepale. Zidisha kwa mamia ya maswali, ndipo utaona kwa nini gemu isiyokuwa na picha ilihitaji waandishi wengi kama kipindi cha televisheni.

Harry Gottlieb aliandika kanuni za kazi hiyo, akaziita The Jack Principles. Nyingi ni nyepesi kuzieleza na ngumu kuzitekeleza: mpe mtu jambo moja la kufanya kwa wakati mmoja, punguza machaguo, hakikisha anajua afanye nini na afanyeje, na asipofanya chochote, mjibu, kwa sababu kukaa kimya nako ni tendo. Kanuni hizo zimeishi kuliko sidii zenyewe. Jellyvision ya leo inajulikana kwa programu iitwayo ALEX, ambayo huwaeleza wafanyakazi wa Marekani machaguo yao ya bima ya afya kwa sauti ya kirafiki na mzaha kidogo. Kutoka maswali ya kuchekesha hadi makato ya bima ni safari ndefu, ila ufundi ni uleule wa kuzungumza na mtu mmoja bila kumchosha.

Ndiyo maana nasema mtangazaji yule alikuwa mtani wa mchezaji. Anayeujua utani wa Wachaga na Wapare anaelewa kilichokuwa kikitokea. Mtani anaweza kukuita bahili hata penye msiba na ukacheka, kwa sababu ana ruhusa, na kwa sababu wewe nawe unayo ya kumrudishia. Maneno yaleyale yakitoka kwa mpita njia ni ugomvi. Cookie aliipata ruhusa hiyo kwa kuwasema wote sawasawa, aliyeshinda na aliyeshindwa, na kwa kujisema mwenyewe kuliko wote. Michezo mingi iliyomwiga ilichukua matusi ikaiacha ruhusa. Ilimwita mchezaji mjinga tangu dakika ya kwanza bila kumpa sababu ya kumpenda anayemtukana, ikafa upesi.

Uandishi wa maswali nao ulikuwa na siri yake. Ulichukua jambo la darasani ukalivisha nguo za mtaani. Nikijaribu kuliweka kwetu, swali linaweza kuwa hivi: ni mwaka 1498, Vasco da Gama amesimama Malindi na mabegi yake, anapunga mkono kusimamisha usafiri. Rubani aliyempata hapo alimshusha mji gani wa India? Majibu yawe Goa, Calicut, Bombay, na la nne liwe kwamba alishushwa Lamu kwa kukosa nauli. Jibu ni Calicut. Mtoto aliyecheka nauli ya Lamu hatasahau kwamba Malindi ilikuwa kituo cha safari ile ya kwanza ya Wareno kwenda India, wala kwamba walihitaji mtu aliyeijua bahari hii kuliko wao. Swali lilelile kwenye karatasi ya mtihani lingesomeka kwa mstari mmoja na kusahauliwa jioni.

Ilivyopanda, ilivyoanguka

Kwa miaka kadhaa sidii hizo zilifuatana bila kupumzika. Kulikuwa na toleo la michezo, la filamu, la televisheni, na Headrush ya vijana. Tangu 1996 lilikuwepo pia toleo la intaneti lililoleta vipindi vipya mara kwa mara, na ndani yake Berkeley Systems walijaribu matangazo yanayojaza kioo kizima kati ya swali na swali, wakati intaneti bado haijajua itajilipia vipi. Kisha soko likageuka. Michezo ya kompyuta ikaelekea kwenye picha za pande tatu na vita vya mtandaoni, Berkeley Systems ikafungwa, na toleo la mwaka 2003, The Lost Gold, likaonekana kama kwaheri.

Mwaka 2001 kituo cha ABC kilijaribu kuifanya Jack kipindi halisi cha televisheni, mwigizaji Paul Reubens akiwa mtangazaji. Kilidumu kwa vipindi sita tu. Sababu naiona ileile ya utani: katika gemu anayetaniwa ni wewe, unajitetea, unalipiza kwa swali linalofuata. Kwenye televisheni unamtazama mtu usiyemjua akitaniwa na mtu mwingine. Kicheko kinapungua, na kinachobaki ni maswali, ambayo vipindi vingine viliyauliza vizuri zaidi na kwa fedha za kweli.

Uingereza nao walikuwa na zamu yao. Mwaka 2005 Relentless Software ya mji wa Brighton ilitengeneza Buzz! kwa ajili ya PlayStation 2, ikiuzwa na vibonyezo vinne vyenye kitufe kikubwa chekundu juu na vitufe vya rangi chini yake. Sauti ya mtangazaji ilikuwa ya Jason Donovan, mwimbaji na mwigizaji wa Australia. Kitufe kile chekundu kilifanya kazi ambayo padi ya kawaida haikuweza: bibi na mjukuu walicheza pamoja bila yeyote kufundishwa. Vibanda vya gemu vya mijini kwetu vilijaa mashine hizohizo za PlayStation 2, lakini zilinunuliwa kwa ajili ya mpira, kwa hiyo wengi wetu tuliichezea mashine na tukaikosa Buzz!.

Mwaka 2011 Jack akarudi. Toleo jipya lilichapishwa na THQ kwa Xbox 360, PlayStation 3, Wii na kompyuta, likiwa na vipindi 73 na Cookie akiwa kitini kwake. Wabunifu waliongeza jambo ambalo bado nalipenda kuliko yote: jibu baya la kipindi. Kila kipindi kilitangaza mdhamini wa uongo, na mahali fulani kulikuwa na jibu lisilo sahihi linalohusiana na biashara ya mdhamini huyo. Ukilitambua na kulichagua kwa makusudi, unazawadiwa. Mchezaji aliyezoea kutafuta ukweli akajikuta anatega sikio kuutafuta upuuzi uliofichwa kwa ustadi, na ili kuupata ilibidi amsikilize mtangazaji neno kwa neno.

Furaha hiyo haikupata mchapishaji wa kuitunza. THQ iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Desemba 2012, na mwezi uliofuata mali zake zikagawanywa. Toleo la Facebook lililoanza 2012 nalo lilifungwa. Kampuni ya michezo iliyotokana na Jellyvision, ambayo sasa inaitwa Jackbox Games, ilibaki na waandishi hodari na swali moja gumu: tuwafikieje watu waliokaa sebule moja bila kuwauzia vifaa?

Jibu lilikuwa mfukoni mwa kila mtu. Novemba 2014 ilitoka The Jackbox Party Pack, mkusanyiko wa michezo mitano, na ndani yake simu ndiyo iliyokuwa padi. Mmoja anafungua mchezo kwenye televisheni au kompyuta, kioo kinaonyesha herufi nne, wengine wanaingia kwenye tovuti ya Jackbox kwa simu zao na kuziandika. Hakuna programu ya kupakua. Hakuna anayenunua isipokuwa mwenye nyumba. Makusanyiko mengine yamefuata karibu kila mwaka, na wakati wa korona watu waliofungiwa majumbani waliicheza kwa simu za video, kila mmoja akiwa kwake.

Ndani ya mkusanyiko ule wa kwanza kulikuwa na Fibbage, ambayo kwangu ndiyo hatua kubwa kuliko zote baada ya Jack wa kwanza. Unapewa ukweli wa ajabu wenye nafasi iliyoachwa wazi, na kila mchezaji anabuni uongo wa kuijaza. Mfano: kila mwaka kati ya Oktoba na Februari watalii huja kisiwa cha Mafia kuogelea na nani? Mmoja ataandika kasa, mwingine pomboo, wa tatu atamtaja mjomba wake anayeishi Kilindoni. Jibu la kweli, papa potwe, linachanganywa na uongo wote, na kila mtu anachagua analoliamini. Unapata alama ukilipata la kweli, na unapata nyingine kwa kila uliyemdanganya. Tatizo la zamani la michezo ya maswali, kwamba anayejua mengi hushinda kila siku na wengine wanachoka, likatibiwa. Asiyejua jibu anahitaji tu kuwajua wenzake.

Miaka miwili baadaye, katika mkusanyiko wa tatu, Trivia Murder Party ililitibu kwa njia nyingine. Ukikosa swali unatupwa kwenye jaribio dogo la kuokoa maisha yako ya mchezoni. Ukifa unaendelea kama mzuka, na katika mbio za mwisho mzuka anaweza kumnyang'anya aliye hai ushindi. Hakuna anayekaa pembeni akingoja mchezo uishe. Mwalimu yeyote mwenye darasa la wanafunzi sabini angefaidika kuitazama duru hiyo.

Milioni mbili waliokuja na kuondoka

Ushahidi mkubwa kwamba kiu ya michezo hii haijakauka ulionekana Agosti 2017. Rus Yusupov na Colin Kroll, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa Vine, ile programu ya video fupi, walizindua HQ Trivia, shindano la moja kwa moja kwenye simu. Saa ikifika, watu waliacha walichokuwa wakifanya, wakajibu maswali 12 ya machaguo matatu, na waliobaki wakagawana fedha za kweli. Mtangazaji aliyevuma, mchekeshaji Scott Rogowsky, alifanya yaleyale ya Cookie: utani wa haraka, majina ya kubuni kwa watazamaji wake, huruma ya dakika moja kwa walioanguka. Machi 2018 watu zaidi ya milioni 2 walicheza kwa wakati mmoja.

Februari 2020 ikazimwa. Iliwashwa tena mwezi uliofuata, lakini nguvu yake haikurudi. Kroll alikuwa amefariki Desemba 2018, uongozi ulikuwa umegombana, na Rogowsky alikwisha kuondoka. Fedha za zawadi zilileta umati, lakini mgawo wa mtu mmoja ulikuwa mdogo kiasi kwamba haukuwa sababu ya kurudi kesho. Kilichowarudisha watu kilikuwa yule mtu kwenye kioo. Alipoondoka, maswali yalikuwa yaleyale na saa ileile, watu wakatafuta kingine cha kufanya.

Sisi tuna funzo letu la karibu zaidi. Wasomaji wengi wanakumbuka miaka ya mashindano ya maswali kwa ujumbe mfupi wa simu. Swali lilikuwa jepesi mno, mji mkuu wa nchi yako au rangi ya bendera, kwa sababu lengo halikuwa kukupima. Kila jibu lilikata salio, na ujumbe wa pongezi ulikuja ukikutaka ujibu jingine upate alama zaidi. Ilikuwa chemsha bongo isiyochemsha chochote, na iliwafundisha watu wazima kulishuku kila swali linaloingia kwenye simu. Yeyote atakayeleta mchezo wa maswali Afrika Mashariki leo ataanza akiwa na deni hilo la imani, na atalazimika kulilipa kwa kutomkata mtu senti bila kumwambia.

Sisemi hapakuwa na kitu kizuri. Mwaka 2007 vyuo vikuu vya Kenya, Uganda na Tanzania vilikuwa miongoni mwa vilivyoingia kwenye shindano la Celtel Africa Challenge, na John Sibi-Okumu aliuliza maswali kwa utulivu na heshima iliyowafanya wanafunzi waonekane mashujaa. Wengi tuliwashangilia wanafunzi wa vyuo ambavyo hatujawahi kuvikanyaga. Kile kilikuwa kipindi cha heshima. Cha kutaniana bado hatujakipata.

Vicheko havibebwi kwenye kontena

Mchezo wa Jack ulipelekwa nje ya Marekani mapema. Ujerumani walipata toleo lao, likafuatiwa na mengine, na mpaka leo kuna Wajerumani wanaolikumbuka kwa mapenzi. Ufaransa, Uingereza na Japani nao walipata yao. Haikutosha kubadili lugha. Swali linalochekesha Chicago kwa kutaja mchezaji wa besiboli halimchekeshi mtu wa Köln, na mtangazaji wa kutafsiriwa husikika kama mgeni anayesoma utani wa wenyeji kwenye karatasi. Pale ilipofanikiwa, waliajiriwa waandishi wa hapohapo, wakapewa uhuru wa kuandika upya.

Mwaka 2022 Jackbox walitoa The Jackbox Party Starter, michezo yao mitatu ikiwa pia katika Kifaransa, Kiitalia, Kijerumani na Kihispania. Kiswahili hakimo. Lugha inayozungumzwa kuanzia Lamu hadi Lubumbashi, lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, haina mchezo hata mmoja wa aina hii wenye hadhi ya kulinganishwa na hiyo. Naliona pengo hilo na linaniuma, kwa sababu malighafi tunayo kuliko wengi. Utamaduni wetu wa vitendawili haukuwa wa kuuliza na kujibu tu. Anayetega akisikia wenzake wameshindwa, hudai mji. Hupewa, anaukataa, anapewa mwingine, na akiupokea husimulia safari yake ya kwenda huko kwa madaha kabla ya kutoa jibu. Kile kipande cha mji ndicho kazi yote ya Cookie Masterson: kuifanya dakika ya kushindwa iwe tamu kuliko dakika ya kupata.

Wanaotamani kurudi kwa michezo hii hugawanyika. Wapo wanaotaka sidii zilezile za 1995, na hao wamekwisha kuhudumiwa, maana matoleo mengi ya zamani yanauzwa upya kwa kompyuta za sasa. Nimeyarudia baadhi yake. Sauti bado ina uhai, mwendo bado hauchoshi, lakini maswali yamezeeka. Yamejaa vipindi vya televisheni vya Marekani vya miaka ya tisini na watu mashuhuri ambao mchezaji wa miaka ishirini hajawahi kuwasikia, na baadhi ya mizaha ya maumbile ya watu haisikiki vizuri leo. Gemu ya mbio unaweza kuichimbua baada ya miaka thelathini ikawa kamili kama ilivyokuwa. Mchezo wa maswali unaishi kwa habari za wakati wake, kwa hiyo kuurudisha ni lazima kuuandika upya.

Hapo ndipo inakuja hatari ya sasa. Programu za akili mnemba zinaweza kuzalisha maswali elfu kabla hujamaliza chai yako, na wapo wafanyabiashara watakaoona njia ya mkato. Watapata maswali. Hawatapata mtani. Utani unahitaji anayejua kwamba jibu la pili litawanasa hasa watu wa bara waliosoma shule ya bweni, na neno gani litawachekesha bila kuwaumiza. Uhakika wa habari nao ni deni: mtangazaji anayekucheka kwa kukosa, kisha ikabainika aliyekosea ni yeye, hapati tena ruhusa ya kukucheka. Fedha za mchezo wa namna hii ziende kwanza kwa waandishi, kisha kwa wahakiki wa majibu, kisha kwa sauti. Picha zifuate baadaye. Jellyvision walifanikiwa na kioo cheusi.

Je, itarudi? Naamini ndiyo, na kwa sehemu imekwisha kurudi kupitia simu. Netflix walijaribu maswali ya kila siku mwaka 2022 kwa Trivia Quest, na sasa wanatoa michezo ya kuchezwa kwenye televisheni kwa kutumia simu kama padi. Njia ambayo Jackbox waliifungua 2014 inazidi kuwa ya kawaida. Kwetu njia hiyo inafaa zaidi kuliko huko ilikotoka. Nyumba chache zina mashine ya gemu yenye padi nne, lakini simu za mkononi zimezagaa, na mchezo wa kuandika jibu hauli bando kama video. Televisheni moja ya mgahawa inatosha meza zote.

Kinachokosekana ni watu kukutana. Wachekeshaji wetu wanajaza kumbi Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Vijana wanaotengeneza programu wapo. Walimu wa historia na fasihi wenye hazina ya mambo ya ajabu kuhusu pwani na bara wapo. Watangazaji wa redio wenye ulimi wa kukutania saa kumi na mbili asubuhi usichukie wapo tele. Kituo chochote cha redio au televisheni kinachosoma makala hii kingeweza kuwaweka chumba kimoja kwa miezi michache na kutoka na mchezo wa Kiswahili ambao Jackbox hawataweza kuutengeneza hata wakitaka. Nawasihi wasianze na zawadi ya gari. Waanze na mwandishi.

Na wewe msomaji usingoje. Jumapili hii chukua karatasi, wakusanye walioko nyumbani, tafuta ukweli mmoja wa ajabu ambao hakuna anayeujua, acha nafasi wazi, na kila mtu aandike uongo wake. Mpe kazi ya kusoma majibu yule mwenye mdomo kuliko wote katika familia.